Acheni Kutuambia "Utazoea"

Wasee, kuna neno moja nataka tulizike leo, na mazishi yake yasiwe na matanga: "utazoea".

Ukihamia chuo kipya ukiwa mwaka wa pili, hilo neno utalisikia hadi masikio yaote sugu. Ukimwambia sekretari wa idara kwamba jina lako haliko kwa orodha ya darasa, utazoea. Ukimwambia mhadhiri kwamba hukujua kuna CAT jana, mambo ya huku ni tofauti kijana, utazoea. Ukimwambia mathe kwamba umekula lanchi peke yako wiki tatu mfululizo, naye anashika mkono wako anasema, "Utazoea tu, mwanangu."

Mathe namsamehe. Yeye hana ofisi, hana muhuri, na hajachukua karo yangu. Hao wengine ndio tuna maneno nao leo.

Msimamo wangu niuseme mapema ndio usome ukijua: shida ya mwanafunzi aliyehama chuo si kwamba ameshindwa kuzoea. Shida ni kwamba chuo kimezipokea pesa zake na yeye mwenyewe hakijampokea. "Utazoea" ni njia ya heshima ya kumwambia mtu abebe peke yake mzigo ambao ofisi ilipaswa kuubeba. Na huo mzigo una bei, nitaitaja kwa shilingi.

Kwani mbona ulihama?

Hili ndilo swali la kwanza utaulizwa, na huulizwa kwa ile sura ya polisi wa trafiki. Kwani mbona ulihama? Ulifukuzwa? Ulishikwa na mwakenya kwa mtihani? Ama ulifuata mtu Nairobi?

Wacha niwajibu wote mara moja. Hapa Kenya, mwanafunzi anayefadhiliwa na serikali huwekwa chuoni na KUCCPS kulingana na alama zake, machaguo yake na nafasi zilizopo. Una miaka 18, KCSE imeisha juzi, unachagua kozi na chuo kwa kompyuta ya saiba, na pengine huo mji hujawahi kuukanyaga. Ukiwa mgeni wa mwaka wa kwanza kuna dirisha la kuomba kuhamishwa, na halikai wazi sana. Sawa. Lakini maisha hayaangalii dirisha. Mzazi hupoteza kazi Februari ya mwaka wako wa pili. Mtu huanza kusafishwa figo mara mbili kwa wiki, na hospitali iko mbali na chuo chake. Msichana hujifungua, na wa kumshikia mtoto ni nyanya aliye kaunti nyingine. Hawa wote si vigeugeu. Ni watu ambao bado wanataka kusoma, na wanakataa kuacha shule. Kama kuna wanafunzi wamethibitisha wanaitaka hiyo digrii, ni wao.

Mimi nilihama kwa sababu ya hesabu. Nilikuwa chuo kimoja kule Magharibi nikisomea Biashara, nimepanga bedsita ya KSh 4,500 nje ya geti. Nikiwa mwaka wa pili mzee wangu akaachishwa kazi. Tulikaa chini na daftari tukaandika renti, chakula na nauli za kwenda na kurudi. Nyumbani Githurai kuna kitanda changu, na sufuria iko jikoni hata nisipokuwepo. Nikipata chuo cha Nairobi, renti inafutika, chakula kinafutika, inabaki karo na mathree. Hesabu ilikuwa safi. Mzee aliipigia mstari chini mara mbili. Kitu ambacho hakuna mtu yeyote, kule nilikotoka wala huku nilikokuja, aliyetuandikia kwa karatasi ni kwamba kulikuwa na bei nyingine haiko kwa daftari.

UKIMWI wa Magharibi na UKIMWI wa Nairobi

Nilifika na yuniti 17. Zote nimepita, hakuna sapu hata moja, transkripti imepigwa muhuri. Chuo kipya kikanipa barua, nikalipa karo, nikapewa kitambulisho, nikaanza masomo. Wiki ya sita (soma tena, ya sita) ndipo idara ikakaa chini kuangalia hizo yuniti zangu. Kumi zikapita. Saba zikakataliwa.

Kati ya hizo saba kulikuwa na Stadi za Mawasiliano. Kulikuwa na Misingi ya Uhasibu. Na kulikuwa na ile yuniti ya UKIMWI ambayo wanafunzi wa vyuo vingi nchi hii huimaliza mwaka wa kwanza. Nikaenda ofisini kuuliza sababu. Sekretari aliangalia karatasi, akaniangalia, akasema kwa upole kabisa, "Namba za yuniti hazifanani, mrembo."

Namba. Si mada, si saa za darasani, si vitabu tulivyosoma. Namba! Kule yuniti inaitwa 101, huku inaitwa 114, basi mimi sijui UKIMWI ni nini. Kwani virusi vikivuka Naivasha vinabadilisha tabia? Kwani debiti na krediti zilizobalansi kule Magharibi zinakataa kubalansi zikiona KICC? Nilikuwa na muhtasari wa kila yuniti kwenye faili. Niliubeba kutoka kule kwa sababu nilijua kuna mtu atauliza. Hakuna aliyeuliza. Faili ilirudi Githurai vile ilitoka.

Sasa tuongee shilingi. Kila yuniti ya kurudia ilikuwa KSh 8,500. Zidisha kwa saba: KSh 59,500. Gawanya kwa ile renti ya bedsita tuliyokuwa tunaikimbia: ni zaidi ya miezi kumi na tatu. Familia ilihamisha mtoto ili iokoe renti, na chuo kikaimeza renti ya mwaka mzima na chenji kabla ya Krismasi, kwa kunifundisha upya vitu ninavyovijua.

Na hapo hatujahesabu muda. Yuniti saba ni muhula mzima. Wale tulioanza nao watavaa joho na kurusha kofia, mimi niko darasani najifunza jinsi ya kuandika barua rasmi, kitu nilichopata A. Tena kuna pesa za matumizi. Ukiwa na mkopo wa HELB, ya karo hutumwa chuoni na ya matumizi huja kwako. Ukihama, lazima chuo kipya kiseme kwa maandishi kwamba wewe ni wao. Barua yangu ilikuwa ya aya mbili. Ilikaa kwa meza ya mtu pale chuoni wiki tisa. Wiki tisa, aya mbili. Wiki hizo nauli nilikuwa nakopa kwa dadangu mdogo, anayeuza smocha kwa steji.

Halafu mtu akuangalie usoni aseme utazoea. Nizoee nini hasa? Kukopa?

Mambo ya Dar na Kampala

Hapa ndipo mimi hucheka nikiwa peke yangu.

Kati ya 1963 na 1970 kulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Chuo kimoja, nchi tatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mkenya akitaka udaktari alikuwa anaweza kwenda Makerere. Mtanzania akitaka uhandisi alikuja Nairobi. Sheria ilikuwa Dar. Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu kuanzia 2011 hadi 2016, digrii yake ya kwanza ya sheria aliisomea Dar. Hakukuwa na simu ya mkononi, hakukuwa na barua pepe, faili zilikuwa zinasafiri kwa posta na treni. Na watu walisoma, mipaka ikiwa hapo hapo.

Mei 2017 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakatangaza kwamba ukanda wetu wote ni eneo moja la elimu ya juu. Maana yake kwa Kiswahili cha steji: masomo yako yatambulike ukivuka mpaka. Hapa nyumbani tayari tulikuwa na sheria ya 2014 iliyounda KNQA, na mojawapo ya kazi ambazo sheria hiyo iliipa ni kurahisisha uhamishaji wa krediti ili mtu aweze kutoka, kuingia na kurudi masomoni bila kuanza upya. Wazungu nao mfumo wao wa krediti waliuanza 1989, mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na mwanafunzi akitoka Lisbon kwenda Berlin kuna lugha moja ya kuhesabu alichokisoma.

Kwa hivyo karatasi ziko. Sheria iko. Tangazo la marais liko. Kwenye makaratasi, mimi naweza kubeba masomo yangu hadi Kampala. Kwenye meza ya ofisi, siwezi kuyabeba kutoka Magharibi hadi Nairobi, basi moja, mchana mmoja.

"Lakini lazima tulinde ubora"

Hili ndilo jibu lao, na si jibu la kijinga, kwa hivyo nilijibu kwa heshima.

Ni kweli yuniti hazilingani zote. Kuna mahali Takwimu inafundishwa na mtu mmoja kwa darasa la watu 400, na mahali inafundishwa vizuri. Ni kweli pia kwamba chuo hakiwezi kumpa digrii mtu aliyesomea karibu kila kitu mahali pengine. Hata Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, kwenye miongozo yake ya 2014 iliweka kikomo: unaweza kuhamisha hadi asilimia 49 ya yuniti za kozi inayofanana. Chukua kozi ya yuniti 48. Asilimia 49 ni yuniti 23. Nilileta 17. Sikuomba upendeleo wowote. Nilikuwa ndani ya kikomo na nafasi ya sita ilibaki.

Halafu tuseme ukweli, ubora unalindwaje kwa kuangalia namba ya yuniti? Ukitaka kulinda ubora, soma muhtasari wangu. Nipe mtihani wa saa mbili, nikianguka nirudie. Niite mbele ya mhadhiri aniulize tofauti ya faida na mtiririko wa pesa. Hiyo ni kazi, na kazi hiyo ndiyo inakwepwa. Kukataa ni rahisi: unaweka alama ya mkasi, unapiga muhuri, unaenda chai.

Wale wa KASNEB, wanaotahini wahasibu, wana utaratibu wa kuwaondolea baadhi ya karatasi watu walio na digrii zinazohusika. Unaomba, unalipa ada yake, wanaangalia ulichosoma, unaambiwa hii huna haja ya kuifanya, hii utaifanya. Hakuna anayesema ubora wa uhasibu Kenya umekufa kwa sababu hiyo. Kama bodi ya mitihani ya kitaaluma inaweza, idara yenye maprofesa wanne inashindwa na nini?

Nitakwambia inashindwa na nini. Mwanafunzi aliyehama hana sauti. Hayuko kwa chama, hajui mlango wa mkuu wa kitivo, hana seniori wa kumwambia "usikubali, kata rufaa". Na kila yuniti anayorudia ni pesa inaingia. Sisemi kuna mtu alikaa akapanga njama. Nasema mfumo ukimletea mtu faida kwa kulala, hataamka haraka.

Darasa liko kwa simu, na wewe hauko

Sasa nigeukie sisi wenyewe, makomredi, maana si ofisi peke yake.

Chuo cha leo hakiko kwa ubao wa matangazo. Kiko kwa grupu ya WhatsApp. Darasa limehamishwa? Grupu. Slaidi? Grupu. Mhadhiri hakuji? Grupu. Na ile grupu iliundwa wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, wote wakiwa wageni, wote wamepotea, wanasaidiana kutafuta maktaba. Mimi nilikuja miezi kumi na sita baadaye. Namba yangu haikuwa ya mtu. CAT ya kwanza ya muhula ilitangazwa pale saa nne usiku, ikafanywa kesho yake saa mbili asubuhi. Mimi nilifika saa nne asubuhi kwa kipindi kingine, nikakuta watu wanajadili swali la tatu. Nilipomwendea mhadhiri akaniuliza kwa nini sikuwa kwa grupu. Alama thelathini za kozi, zinategemea kama kuna mtu alikumbuka kuniongeza kwa simu!

Asaimenti za kikundi ndizo kabisa. "Jipangeni watano watano." Ndani ya sekunde kumi watu wamejipanga, maana hao watano wamekuwa watano tangu mwaka jana. Unabaki umesimama na begi kama mtu ameshushwa steji isiyo yake. Unapelekwa kwa kikundi cha masalia: wewe, jamaa ambaye haji darasani, na wawili waliokosana na vikundi vyao. Alama ni moja kwa wote.

Hakuna aliyekuchukia, na hiyo ndiyo inauma. Adui ungempinga. Hawa hawakukuona.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni methali ya haki: siku mbili unakula, ya tatu unafanya kazi na wenyeji. Sisi watu wa transfa tulipewa jembe siku ya kwanza, na shamba hatukuonyeshwa. Wale wa mwaka wa kwanza wana wiki nzima ya kukaribishwa, wanazungushwa kampo, wanaonyeshwa zahanati, wanaimbiwa. Sisi tulipewa risiti.

Na nyinyi washauri wa mtandaoni

Hapa naongea na wenzangu wa kazi hii ya kamera. Nimetazama video zenu zote za "mambo matano ya kufanya ukihamia chuo kipya". Tabasamu. Jiamini. Jiunge na klabu. Kaa viti vya mbele. Kuwa wewe. Muziki laini nyuma, kahawa mkononi.

Manze, klabu hukutana saa kumi na moja jioni. Saa kumi na moja jioni ndiyo saa nauli ya Githurai inapanda, na mvua ikidondoka hata kidogo, inapanda tena. Mtu aliyehama ili aokoe pesa ya renti, mnamwambia abaki kampo hadi saa moja usiku acheze sataranji ili apate marafiki, halafu alipe mara mbili kufika nyumbani gizani. Ushauri wenu ni wa mtu anayelala hosteli. Na kiti cha mbele hakirudishi yuniti saba. Tabasamu haliandiki barua ya aya mbili.

Ubaya wa hizo video ni kwamba zinafanya kazi ile ile ya "utazoea", ila kwa taa nzuri. Zinamwambia mtu aliyenyimwa haki yake ofisini kwamba shida ni utu wake. Eti yeye ni mkimya sana. Eti hajajitokeza. Anaenda nyumbani anajiangalia kwa kioo akitafuta kasoro, na kasoro iko kwa faili la idara. Nimeongea na wasichana wawili waliohamia huku kama mimi. Mmoja alikuwa amefikiria kuacha masomo kabisa. Hakuwa ameanguka mtihani. Alikuwa ameamini hafai.

Hiyo ndiyo bei ambayo haipigiwi hesabu ya shilingi.

Tunachotaka, na hakihitaji bajeti

Sitamaliza kwa kulia. Haya ni mambo manne, na hakuna hata moja linalosubiri waziri.

Moja: hesabu kabla ya barua. Chuo kisichukue shilingi ya mtu anayehama kabla hakijamwandikia: yuniti zako hizi zimekubaliwa, hizi zimekataliwa, sababu ni hii, utamaliza mwaka huu, itakugharimu hivi. Karatasi moja. Hata fundi wa friji Ngara hukuambia bei kabla hajafungua skrubu. Nikiambiwa mapema kwamba saba zitakatwa, mzee wangu anarudi kwa daftari na anaamua akijua.

Mbili: yuniti iangaliwe kwa yaliyomo. Muhtasari dhidi ya muhtasari. Ukikataa, andika ni mada gani haipo. Na kuwe na njia ya kukata rufaa inayojibiwa kabla ya muhula kuisha, ama mtihani wa kuthibitisha kwa anayeutaka. Zile yuniti za pamoja, Mawasiliano, UKIMWI, Kompyuta, vyuo vikae viandike orodha moja ya zinazolingana na waibandike mahali kila mtu ataiona.

Tatu: mtu mmoja. Kila idara iwe na mhadhiri mmoja ambaye jina lake na mlango wake unapewa siku ya kujisajili. Huyo ndiye anahakikisha jina lako limeingia kwa orodha, barua ya mkopo imetoka, na mhadhiri wa kila yuniti anajua umefika. Wahamiaji kwa mwaka si wengi. Hatuombi jengo.

Nne: hii ni yetu, makomredi. Klasrep, ukisikia kuna sura mpya, chukua namba. Usingoje aje. Mwongeze kwa grupu siku hiyo hiyo, mtumie notsi za wiki zilizopita, mwambie ni mhadhiri gani hufunga mlango dakika ya tano. Mkipanga vikundi, hakikisha hakuna aliyebaki wima. Hii haihitaji moyo mkubwa wala siku ya maadhimisho. Ni dakika mbili na bando kidogo.

Na wewe uliyehama na unasoma hii ukiwa kiti cha nyuma ndani ya mathree: usikubali jibu la mdomo. Kila kitu omba kwa maandishi. Wakikataa yuniti, uliza sababu kwa barua, weka nakala, nenda kwa mwenyekiti wa idara, kisha mkuu wa kitivo, kisha msajili, kwa mpangilio huo, ukiwa na tarehe. Beba muhtasari wako. Taja asilimia 49 na utaje ni miongozo ya CUE ya 2014, utaona mtu anakaa vizuri kwa kiti. Mimi kati ya zile saba nimerudishiwa mbili kwa njia hiyo, ya UKIMWI ikiwemo. Ni KSh 17,000. Zimebaki tano na bado naandika barua.

Najua kuna mtu atasema usiache mbachao kwa msala upitao, ungebaki huko ulikokuwa. Sikuacha mbachao. Mbachao uliisha siku mzee alipopewa barua ya kazi kuisha. Nilichofanya ni kutafuta pengine pa kukaa nisome.

Wahenga hao hao walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Angalia darasa la mwanafunzi aliyehama. Amesoma mahali pawili. Anajua jinsi kule wanavyofundisha Takwimu ikaeleweka. Ana notsi ambazo nyinyi hamna. Ameona usimamizi mbaya wa aina mbili na anaweza kukwambia upi ni afadhali. Huyo ni mali, na mmemkalisha pembeni mnangoja azoee.

Basi jibu langu kwa kila ofisi yenye muhuri ni hili: mimi sitazoea. Zoeeni nyinyi kufungua faili.

Tuma hii kwa klasrep wako. Sasa hivi, kabla hujasahau.